Safari ya Old Trafford: Baba, Mwana na Saa ya Ukutani

Watoto wetu wanayajua majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya kuliko wanavyoijua mito ya nchi yao. Nikiuliza darasani mto Lualaba unatoka wapi, mikono miwili mitatu huinuka. Nikiuliza ni nani aliyefunga bao Jumapili huko Manchester, darasa zima husimama. Wazee wengine hukasirishwa na jambo hilo. Mimi sikasiriki sana, kwa maana nimeona ya kuwa mpira waweza kuwa mlango wa kuingilia moyoni mwa mtoto, ikiwa mtu mzima ajua kupiga hodi.

Kaka yangu mkubwa yuko Ubelgiji tangu miaka kumi. Alipoondoka Bukavu mwanawe alikuwa na miaka minne. Miaka sita baadaye mama yake mtoto aliugua, akafariki. Kaka hakuweza kuja kumzika, kwa kuwa hati zake za kukaa kule zilikuwa hazijakamilika. Kama angalitoka, asingaliruhusiwa kurudi. Mtoto akakaa kwangu, akasoma katika shule ninayofundisha. Mwaka juzi hati zikakamilika, baba akamwita mwanawe.

Usiku mmoja kaka alinipigia simu. Akasema: «Mdogo wangu, kijana huyu anakula vizuri, anasalimu vizuri, ananitii. Lakini hasemi nami. Kwako alikuwa akisema?»

Nikajibu: «Alikuwa akisema sana, hasa habari za mpira.»

«Basi nitampeleka Uingereza akaione timu yake, Manchester United. Nimepata mtu wa kuniuzia tikiti mbili za mchezo. Bei yake ni nusu ya mshahara wangu wa mwezi.»

Nikamwambia: «Kaka, ngoja kwanza. Tupange.»

Kwa majuma mengi tulipanga safari hiyo, yeye kule, mimi huku, nikisoma habari za kiwanja kile na kumwandikia niliyoyapata. Nayaweka hapa kwa faida ya jamaa zetu walio Ulaya wenye nia kama hiyo, na hata kwa faida yetu tusiosafiri.

KUONA MCHEZO AU KUZURU KIWANJA?

Jambo la kwanza nililomwomba kaka ni kuachana na yule mwuza tikiti. Katika Uingereza, kumwuzia mtu tikiti ya mchezo wa mpira bila idhini ya wenye chama ni kosa mbele ya sheria tangu mwaka 1994. Tena tikiti ya namna hiyo yaweza kuwa ya uongo, na baba akarudishwa mlangoni mbele ya macho ya mwanawe. Fedha hupatikana tena. Heshima ya baba ni vigumu kuirudisha.

Jambo la pili ni hili: kuzuru kiwanja siku isiyo na mchezo kuna faida yake. Siku ya mchezo watu zaidi ya elfu sabini wanapiga kelele. Hakuna anayezungumza na mwenzake. Siku ya kawaida kiongozi huwachukua wageni kikundi kikundi kwa muda wa saa moja na zaidi. Huwapandisha jukwaani, huwaingiza katika chumba cha kuvalia cha wachezaji, huwapitisha katika ule ujia wanaotokea wachezaji, hata ukingoni mwa majani. Majani yenyewe ni mwiko kuyagusa. Baada ya hapo wageni hukaa katika nyumba ya makumbusho muda wautakao. Gharama ni ndogo kuliko ile ya mchezo, na mtoto hulipa pungufu ya mtu mzima.

Lakini angalieni sana tarehe. Siku ya mchezo ziara za kiwanja hazifanyiki, na mara nyingine hata siku ya kuamkia mchezo hupunguzwa. Mtu asinunue tikiti ya treni kabla ya kuangalia orodha ya michezo na kuweka nafasi yake katika tovuti ya chama chenyewe. Nimesikia habari za watu waliosafiri kutoka mbali wakakuta mlango umefungwa. Haraka haraka haina baraka.

HATI NA NJIA

Ndugu zetu wengi hudhani ya kuwa mtu mwenye ruhusa ya kukaa Ubelgiji au Ufaransa aweza kuingia Uingereza vivyo hivyo. Sivyo. Mwenye pasipoti ya Kongo huhitaji viza ya Uingereza, hata kama ana kadi ya ukaazi ya Ubelgiji. Huomba kwa intaneti, kisha huitwa mahali maalumu kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Mara nyingi jibu huchukua kama majuma matatu. Mwenye pasipoti ya Ubelgiji hahitaji viza, lakini tangu Aprili 2025 ni lazima aombe kwanza ruhusa ya safari kwa intaneti. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja yafaa awe na barua ya yule mwingine. Na ikiwa huyo amefariki, hati ya kifo.

Hapo kaka alinyamaza katika simu. Hati ya kifo cha mkewe ilikuwa kwangu, katika sanduku la bati. Hakuwahi kuiona. Niliipiga picha, nikampelekea, nayo karatasi yenyewe ikafuata kwa mkono wa msafiri. Akaniambia baadaye ya kuwa aliisoma usiku, mtoto amelala, akairudisha ndani ya bahasha.

Njia yenyewe si ngumu. Kutoka Brussels treni hupita chini ya bahari na kufika London, stesheni ya St Pancras, kwa muda wa saa mbili hivi. Kutoka hapo mtu hutembea kwa miguu hata stesheni ya Euston, mwendo wa robo saa, na kushika treni ya Manchester, saa mbili na dakika kidogo, mpaka stesheni ya Piccadilly. Kisha hupanda tramu mpaka kituo kiitwacho Old Trafford.

Hapo pana mtego kwa wageni. Kuna viwanja viwili vyenye jina hilo moja. Ukishuka katika tramu, kiwanja unachokiona mara moja mbele yako si cha mpira wa miguu, ni cha mchezo wa kriketi. Usishangae wala usikasirike. Fuata njia kama dakika kumi, nawe utaona majukwaa makubwa ya chuma yakiinuka juu ya nyumba. Njia ya mwisho inaitwa kwa jina la Sir Matt Busby. Jina hilo mtoto alijue kabla ya kufika.

KIWANJA KILIVYOZALIWA NA KUBOMOKA

Chama hiki kilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli wa mtaa wa Newton Heath, watu wa nyundo na makaa ya mawe. Mwaka 1902 kilikuwa karibu kufa kwa madeni, kikapata wafadhili wapya na jina jipya, Manchester United. Tarehe 19 Februari 1910 kiwanja cha Old Trafford kilifunguliwa kwa mchezo dhidi ya Liverpool, na wenyeji wakashindwa mabao 3 kwa 4. Mwambieni mtoto habari hiyo. Nyumba nyingi zenye sifa zilianza kwa siku ya kushindwa.

Wakati wa vita kuu ya pili, usiku wa tarehe 11 Machi 1941, ndege za Wajerumani zilitupa mabomu yaliyokusudiwa kwa viwanda vya Trafford Park vilivyo karibu. Jukwaa kuu likavunjika. Kwa miaka minane timu haikuwa na kwao. Ilipanga kiwanja cha jirani na mshindani wake, Manchester City, hata ikarudi nyumbani mwezi wa Agosti 1949. Katika jengo la mwaka 1910 sehemu iliyobaki mpaka leo ni ule ujia wa zamani wa katikati, chini ya jukwaa la kusini. Wachezaji hawautumii tena kwa kawaida, lakini haukubomolewa.

Mwezi wa Machi 2025 wenye chama walitangaza nia ya kujenga kiwanja kipya cha watu 100,000 kando ya hicho cha kale. Kwa hiyo mwenye nia ya kuwaonyesha wanawe jengo lile la zamani asiahirishe mno.

SAA ISEMAYO MUNICH

Nilimwandikia kaka hivi: «Mkifika, msikimbilie vikombe. Kwanza zungukeni nje, mkaitazame saa.»

Saa hiyo imetundikwa katika ukuta wa nje, pembe ya kusini-mashariki, na kuitazama hakuhitaji tikiti. Mishale yake inakwenda kama ya saa yoyote, lakini imeandikwa juu yake jina la mji wa Munich na tarehe 6 Februari 1958. Kisa chake ni hiki.

Mwalimu wa timu wakati ule alikuwa Matt Busby, Mskoti, mwana wa mchimba makaa, Mkatoliki. Hakupenda kununua wachezaji wakubwa tu. Aliwatafuta vijana wadogo akawalea, hata watu wakawaita watoto wa Busby. Kwa vijana hao alichukua ubingwa wa Uingereza mwaka 1956 na 1957. Tena aliwaingiza katika mashindano ya vyama vya Ulaya, ingawa wakuu wa ligi ya Uingereza hawakuyapenda.

Tarehe 5 Februari 1958 walicheza Belgrade na Red Star, wakatoka sare 3 kwa 3, wakaingia nusu fainali. Kesho yake ndege yao ilitua Munich kutia mafuta. Theluji ilikuwa ikianguka. Rubani alijaribu kuruka mara mbili akaacha, kwa kuwa mashine haikusikika sawasawa. Mara ya tatu, saa tisa na dakika nne alasiri, ndege haikuinuka. Ilipita mwisho wa njia yake, ikavunja ua, ikagonga nyumba. Ndani mlikuwa na watu 44. Waliokufa ni 23. Kati yao wachezaji 8 na waandishi wa magazeti 8. Duncan Edwards, kijana wa miaka 21 ambaye wengi walimwona kuwa bora kuliko wote, alipigana na mauti siku kumi na tano hospitalini, naye akafariki.

Mlinda lango Harry Gregg alitoka salama. Akarudi ndani ya ndege iliyovunjika, akamtoa mtoto mchanga, kisha mama yake mtoto.

Rubani James Thain alilaumiwa kwamba hakuondoa barafu katika mabawa. Ilichukua miaka mingi ya kupima na kubishana hata ikajulikana ya kuwa sababu ilikuwa theluji ya majimaji iliyolala juu ya njia na kuipunguzia ndege mwendo. Mwaka 1969 uchunguzi wa Uingereza ulimtoa hatiani. Miaka kumi na moja mtu alibeba kosa lisilo lake. Tujifunze kutokuwa wepesi kuhukumu.

Busby mwenyewe alipewa mara mbili sakramenti ya wanaokaribia kufa. Akapona. Lakini alipojua ni vijana gani waliokufa, alijilaumu, kwa kuwa yeye ndiye aliyewapeleka katika safari za Ulaya. Hakutaka kuusikia mpira tena. Mkewe ndiye aliyemtia moyo arudi.

Timu yenyewe ilishikwa na msaidizi wake, Jimmy Murphy, ambaye hakuwa katika ndege kwa sababu alikuwa na kazi ya timu ya taifa la Wales. Tarehe 19 Februari, siku kumi na tatu tu baada ya msiba, walicheza tena Old Trafford na Sheffield Wednesday. Katika kijitabu cha mchezo, mahali pa majina ya wachezaji wa Manchester palikuwa na mistari kumi na mmoja mitupu, kwa maana hakuna aliyejua ni nani atakayecheza. Kati ya waliookoka, wawili tu walikuwapo uwanjani, Gregg na Bill Foulkes. Walishinda 3 kwa 0.

Miaka kumi ikapita. Tarehe 29 Mei 1968, katika kiwanja cha Wembley, Manchester United waliishinda Benfica ya Ureno 4 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Katika Benfica alicheza Eusébio, mwana wa Msumbiji. Mabao mawili ya Manchester yalifungwa na Bobby Charlton, aliyeokoka Munich. Hivyo Busby akalipata kombe lile ambalo watoto wake walikufa wakilitafuta. Alifariki mwaka 1994, na sanamu yake inasimama nje ya jukwaa la mashariki. Ule ujia wa mwaka 1910 nao, tangu 2008, umepewa jina la Munich.

NDANI YA MAKUMBUSHO

Nyumba ya makumbusho ilianzishwa mwaka 1986. Ilipohamishiwa jukwaa la kaskazini mwaka 1998, aliyeifungua ni Pelé wa Brazili. Mtoto atataka kwenda mbio kwenye vikombe. Mwacheni, ni furaha yake. Lakini baba mwenye busara huja na maswali machache mfukoni. Kwa nini wafanyakazi wa reli walihitaji mchezo? Nani aliyeketi benchi mwaka mzima bila kulalamika? Timu iliyoshuka daraja mwaka 1974 ilirudije mwaka uliofuata?

Kuna na swali la nyumbani. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, huku kwetu Ituri, mwaka 1997. Alipelekwa Uingereza angali mtoto, akalelewa katika shule ya mpira ya Manchester United, na mwezi wa Septemba 2019 aliingia uwanjani Old Trafford akiwa kapiteni wa timu, katika mchezo dhidi ya Rochdale. Baadaye aliivaa jezi ya taifa letu. Mtoto wa Bunia alipita katika ujia ule akiwa mbele ya wenzake. Nilimwambia kaka: «Mkumbushe mwanao jambo hilo, si kwa kumwahidi ukuu, bali ajue ya kuwa kutoka Kivu au Ituri si kasoro.»

SIKU YENYEWE

Walikwenda siku moja ya juma katika likizo ya Pasaka. Walikuwa na mkate na mayai ya kuchemsha ndani ya mfuko, kwa maana chakula cha stesheni ni ghali. Walishuka kwenye kituo, wakakiona kiwanja cha kriketi, na mtoto akacheka kwa sababu baba alikuwa amemwonya.

Wakafika chini ya saa. Kaka alisimulia kisa chote kama nilivyomwandikia, kwa maneno yake mwenyewe. Alipofika mahali pa Busby kujilaumu hospitalini, sauti ilimkatika. Mtoto akamtazama, akauliza: «Baba, na wewe kwa nini hukuja kumzika Mama?»

Katika miaka minne tangu msiba, hilo lilikuwa swali lake la kwanza juu ya jambo hilo.

Kaka hakusema habari za sheria wala za ofisi kwanza. Alisema: «Niliogopa kupoteza kila kitu. Na tangu siku ile najiuliza kama nilikosea.» Kisha akaeleza yote: hati, mwanasheria, usiku alioketi jikoni akisikiliza kilio cha msiba kwa simu. Walikaa ukingoni mwa njia hata karibu waichelewe zamu yao ya kuingia. Akamwonyesha ile hati ya kifo, kwa kuwa alikuwa nayo mfukoni pamoja na pasipoti.

Usiku ule simu yangu ililia. Alikuwa mtoto. Nilitazamia habari za vikombe, za chumba cha kuvalia, za viti vyekundu visivyohesabika. Hizo zilikuja baadaye. Neno la kwanza lilikuwa: «Baba mdogo, Baba ameniambia mambo ya Mama.»

Sisemi ya kuwa tangu siku hiyo mambo yote ni laini. Kijana wa miaka kumi na minne ni kijana wa miaka kumi na minne, na siku nyingine bado hufunga mlango wa chumba chake. Lakini sasa kaka haniulizi tena kama mtoto anasema.

KWETU SISI TULIOBAKI

Wengi wetu hatutafika Manchester, wala si lazima. Kinshasa kina kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1952, ambacho leo huitwa Tata Raphaël kwa heshima ya padre Raphaël de la Kéthulle aliyewakusanya vijana wa mji ule katika michezo. Na ndipo Muhammad Ali alipomshinda George Foreman mwaka 1974. Lubumbashi ina Mazembe, iliyoanzishwa mwaka 1939 na watawa wa Mtakatifu Benedikto, nayo mwaka 2010 ilifika fainali ya vyama vya dunia nzima. Na kila mtaa una uwanja wake wa vumbi, na mzee anayekumbuka waliocheza pale na jinsi walivyoishia.

Basi, wewe mzazi, mchukue mwanao siku isiyo na mchezo, mahali pakiwa kimya. Jifunze kisa chake kabla ya kwenda, usije ukawa mgeni mbele ya mtoto. Chukua chakula, chukua hati, na uwe na nafasi ya kutosha kabla ya saa ya kurudi. Naye akikuuliza swali ambalo hukulitazamia, usiitazame saa yako. Mjibu.